Gari Linaloshika Sabato

Magwagwa,
Kupitia Kisii.
Jumapili, 22 Agosti 1971.

Mpendwa mdogo wangu Ombui,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Moscow? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Dada yetu Mong'ina amejifungua mtoto wa kiume kule Nyamira, na kelele zake utazisikia kabla hujaliona boma.

Barua yako ya Juni ilifika. Nimeona unachouliza: uache masomo uje umwone Baba, au umalize mwaka uliobaki. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuandikia Novemba kwamba daktari amempa miezi mitatu. Hata mbao za jeneza tulinunua, tukazificha darini. Baba alizigundua mwezi wa nne akitafuta jembe, akazitumia kujengea banda la ndama.

Sasa ni miezi tisa tangu daktari aseme hivyo. Asubuhi anachuma mistari miwili ya chai, ile ambayo sisi Wasabato tunaipanda ili wengine wainywe, kisha anakaa kivulini.

Nilimsomea ulivyoandika juu ya lile gari la Warusi lisilo na dereva, linalotembea mwezini, nikitafsiri kwa Ekegusii. Aliposikia kwamba lilipangiwa miezi mitatu tu nalo lipo hadi leo, aliniambia nirudie. Nilipofika pale usiku wa huko unapochukua wiki mbili, na gari hufunga kifuniko likalala mpaka jua litoke, alicheka. Ameamua kwamba linadumu kwa sababu linashika Sabato.

Jumamosi iliyofuata aliwahubiria wazee kanisani. Mzee Ogari akabisha kwamba Sabato ni siku moja, si kumi na nne. Baba akamwambia asiyejua kupumzika ndiye anayezikwa mapema. Jioni nilijaribu kumweleza mambo ya betri na jua, mimi mwalimu mzima, akanitazama kwa huruma.

Jibu lake kwako ni hili, na amenisimamia nikiandika: "Mwambie Ombui amalize shule. Mimi sijaitwa bado. Akija bila cheti nitamrudisha kwa miguu." Nimemsomea mpaka hapa, ameridhika, amekwenda kujilaza.

Yanayofuata ni yangu. Baba amekonda sana, Ombui. Uji ndio pekee unaokaa tumboni. Kabla ya kwenda shule mimi husimama kwanza mlangoni pake nisikie kama anakohoa, ndipo nabisha hodi. Naogopa.

Tena kuna jambo asilojua kwamba naliona. Kila Ijumaa, kabla ya jua kutua, huingia kwenye esaiga yako, kile kijumba chako cha ujana, akafagia kwa mkono wake na kuwasha moto ili moshi uhifadhi nyasi za paa. Juzi alitandika kitanda. Binamu zetu walipoomba kulala humo, alisema kina mwenyewe.

Kwa hiyo usimtii. Usiache masomo, ila omba ruhusa ya wiki chache, uje sasa.

Mama, Mong'ina na mke wangu Nyamoita wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko, na njiani pia.

Kaka yako akupendaye,
Okemwa