Gome la Mama Mdogo Boke

Jumatatu, 9/3/1987
Barua ya Masatu imefika. Mwaka mzima tangu aondoke! Masatu ni yule mtafiti wa chuo kikuu, Dar, aliyepita kijijini kwetu Buswahili akikusanya majani na magome ya miti. Nilimcheka sana. Sasa anaandika: maji ya gome la mti wa mama mdogo Boke wameyatia kwenye kisahani cha kioo chenye seli za kansa ya kinywa, na seli zimepunguza kasi ya kuenea. Bado si dawa ya mtu, anasisitiza. Anaomba gome zaidi. Anauliza pia kidonda cha mama mdogo kinaendeleaje.

Nilikuwa nimesimama posta. Ikabidi nikae chini, sakafuni, watu wananitazama. Mimi, medikali asistenti, tabibu wa miaka kumi na moja kazini!

Jumanne, 10/3/1987
Kazini nimeandika jina la mgonjwa mmoja kwenye kadi ya mwingine. Mara mbili.

Novemba nilimkuta mama mdogo — ndiye aliyenilea — asubuhi anatafuna gome, jioni anabandika ugoro shavu lile lile. Kidonda pembeni ya ulimi, kidogo, miaka miwili hakijasogea. Nikafoka mbele ya majirani: acha huo uchafu wote! Ugoro hakuacha. Gome aliacha siku ile ile, kwa sababu mwanawe msomi amesema. Januari, uvimbe shingoni.

Miaka miwili hakijasogea! Na mimi sikujiuliza kwa nini.

Jumatano, 11/3/1987
Nimemwuliza daktari wetu, bila kutaja mtu. Akacheka. Kwenye kisahani hata sabuni ya mche inaua kansa, anasema, na siku hizi angalau sabuni imerudi madukani. Pengine ni ugoro, pengine ugonjwa ulifika wakati wake tu. Pengine! Bora angenitukana, ningepumua. Hakuna anayejua. Hata Masatu hajui.

Jumamosi naenda. Arudie gome. Nitamwomba msamaha mwenyewe.

Jumamosi, 14/3/1987 — Buswahili
Lori hadi Butiama, kisha baiskeli ya kuazima. Mama mdogo amekonda, amekwisha! Kanga mdomoni, maneno hayatoki vizuri, binti yake Nyangi ndiye anayemsikiliza na kunifafanulia. Nilishindwa kuanza. Nikazunguka kwanza nyuma ya zizi, nikauone mti.

Kisiki.

Nikamwita Nyangi. Mti uko wapi? Akanishangaa.

“Si mama alikata mwenyewe, Krismasi! Alisema wewe Magige ukija usiuone, unauchukiaga. Kuni zake si ndio zilipika ule kuku wako?”

Kuku wangu wa Krismasi. Nilipewa firigisi, kama mkubwa wa nyumba. Nilisifia mchuzi! Niliomba nyongeza!

Mwingine kama ule hawaujui. Mbegu bibi alikuja nayo alipoolewa, kutoka wapi hakuna aliyeuliza. Kisiki kina vichipukizi viwili, mbuzi wamevitafuna.

Daftari nimelisahau kwangu Kigera, naandika nyuma ya bahasha ya Masatu. Mama mdogo ameiona. Ananyoosha mkono. Nyangi anasema: anauliza ni ya yule kijana wa Dar? Aliahidi kumwandikia. Anasemaje kuhusu mti wake?

Nimejibu nitamsomea tukishakula. Ametabasamu, upande mmoja. Amechinjisha jogoo kwa ajili yangu, yeye ambaye hata uji haupiti. Nyangi anaita — firigisi imeiva.