Kasha la Kijapani Juu ya Mahindi

Lushoto,
Jumamosi, saa tisa mchana

Mama yangu mpenzi,

Nimefungua kasha la Baba Mkubwa ambalo halikutakiwa kufunguliwa, na hakuna hata mtu mmoja niliyemwambia. Shikamoo. Najua hukunilea nitangulize mambo kabla ya salamu, lakini nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, unanijua. Habari za Songea? Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, shule naendelea, baridi nimeizoea.

Unakumbuka zile filamu alizokuwa akinunua Baba Mkubwa bandarini enzi za ubaharia wake? Zimejaa chumba ninacholala. Nyingi hazichezi kwenye deki yetu, kwa sababu diski huwekewa namba ya sehemu inapouzwa: Ulaya na Japani ni mbili, sisi huku ni tano. Yeye wala hajali. Anachopenda ni makasha. Anasema la Ulaya huchapwa usoni alama kubwa ya umri wa mtazamaji, linaharibu picha, ila la Japani huvalishwa ukanda wa karatasi tu, ukiutoa picha inabaki safi. Ana grupu la simu la wakusanyaji wenzake, wengine wa nje, na kwa kuwa Kiingereza kinampiga chenga, mimi ndiye ninayemwandikia. Darasani siwezi hata kunyoosha mkono, lakini kwenye simu yake naandika kama wakili.

Sasa masika haya unyevu uliingia mpaka kwenye magodoro. Nikaona ukungu ndani ya nailoni ya kasha lake la Kijapani, ambalo halijafunguliwa tangu dukani, na thamani yake ndiyo hiyo. Baba Mkubwa alikuwa msibani Korogwe. Nikachana nailoni, nikalipandisha darini jikoni, juu ya moto, nyuma ya mahindi ya mbegu ya Bibi. Kila kitu cha nyumba hii hukaushwa pale, nikajua na hilo litapona. Baada ya siku mbili nikalishusha limepinda pembe moja na linanuka moshi. Nikalivisha nailoni mpya, nikapitisha pasi ukingoni mpaka ikabana.

Wiki iliyopita Mzee Salehe wa Tanga, mmoja wa wakusanyaji hao, akataka wabadilishane: yeye alete toleo la Marekani, ambalo Baba Mkubwa amelitafuta miaka yote, achukue la Kijapani. Akauliza kwenye grupu, kwa Kiingereza ili wote washuhudie, kama kweli halijafunguliwa. Baba Mkubwa akaniambia, "Mwandikie halijaguswa. Mwandikie naapa." Nikaandika, Mama. Kwa mkono wangu.

Mzee Salehe amefika leo. Wako sebuleni, nawasikia.

"Nyie wa milimani mnafuga ukungu, si filamu!"

"Na wewe makasha yako ya chuma yameliwa na chumvi. Kunywa chai, mtani."

"Nitalinusa kwanza. La dukani nalijua kwa harufu."

"Nusa mpaka upige chafya! Neno langu unalo."

Wanacheka. Akinusa, Baba Mkubwa ndiye atakayeonekana mwongo, mbele ya watu ambao ndio marafiki pekee aliobaki nao tangu aache meli. Asiponusa, nitakuwa nimemdhulumu mgeni aliyepanda mlima wote ule kwa kuamini nilichokiandika mimi. Nimejaribu kwenda kusema mara mbili. Nafika mlangoni, narudi kwenye barua hii.

Msalimie mdogo wangu Baraka, asichezee baiskeli yangu. Shangazi Rehema mwambie sweta alilonifumia bado linanitosha. Na Mama Upendo, jirani yetu, mpe pole ya mguu.

Mama, Baba Mkubwa amesema, "Ngoja nikuletee." Nasikia buti zake ukumbini. Kila nikisikia mtu huwa naificha barua hii chini ya daftari la Jiografia. Sasa nimeiweka juu ya kasha lenyewe, ukurasa wa kwanza ukitazama mlango ili ausome, na mwisho naumalizia kwenye karatasi ya pili, nimesimama.

Anapiga hodi. Siku zote hupiga hodi, ingawa nyumba ni yake.

Nimemwambia karibu.

Mwanao,
Neema