Nyenje wa Jedi Mwenye Tundu

3 Februari 1997

Jina lako limo gazetini, Yunxiu, ukurasa wa tatu, chini ya bei ya ngano. Wameandika kwamba wewe, binti wa mchonga mawe Tao, ndiye utakayepima umri wa nyenje wa jiwe la jedi ambaye Bwana Kuang, muuza vitu vya kale, ameyapa makumbusho ya mkoa. Nimelisoma kwenye foleni ya tofu, nikalirudia kwa waliochelewa.

Haya, hujambo mwanangu? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila goti linanisumbua kwa baridi. Muuza tofu kasema, "Mama Yunxiu, utatupasua masikio." Nikamwambia azae wake, amsomeshe.

Hebu niambie, hicho kioo chenu cha kukuzia huona mpaka wapi? Jirani Bi. Miao anauliza.

Mama yako

19 Februari 1997

Mama mpenzi, shikamoo. Kifua kimepona. Goti likande kwa maji ya moto, usilidharau.

Nyenje mwenyewe ni mdogo kama dole gumba, ana madoa ya kahawia. Bwana Kuang anasema alitoka kinywani mwa maiti wa enzi ya Han, miaka elfu mbili iliyopita. Walimweka juu ya ulimi ili marehemu azaliwe upya. Mkuu wangu, Bwana Lou, anataka sahihi yangu kabla ya mwezi wa nne. Kabati la kioo liko tayari.

Mama, Bi. Miao hajui kusoma hata jina lake. Habari za kioo zimemfikiaje? Tena mistari ya mabawa imechongwa kwa mkono wa kushoto. Baba alikuwa wa kushoto.

Binti yako

2 Machi 1997

Mwanangu, salamu nyingi. Kabeji za chumvi zimeiva, nimekuwekea mtungi mzima.

Wa mkono wa kushoto wamejaa duniani, hata kinyozi wetu. Mimi namshuku huyo Lou wako. Mtu anayeharakisha sahihi ya mwenzake ana lake jambo. Sikukuu ya mwaka mpya alikula kwa nani, kama si kwa Kuang? Lakini wewe una kazi ya kalamu, wenzako hapa wanashona soli za viatu. Tia sahihi, ule. Baba yako mwache alale.

Mama yako

9 Machi 1997

Mama, shikamoo. Natumaini goti limetulia.

Nami namshuku Bwana Lou, lakini hata barua yako naisoma mara mbili mbili. Nyenje wa ulimini hatobolewi. Anayetobolewa ni wa kuvaliwa. Huyu ana umbo la wa ulimini, na tundu kichwani. Nani atamfungia maiti uzi mdomoni?

Nikitia sahihi, nimeudanganya mkoa mzima. Nikikataa, watauliza ni kazi ya nani, na jina la baba litachafuka. Nijibu, mama.

Binti yako

28 Machi 1997

Aliyemchemsha nyenje huyo ni mimi. Hujambo mwanangu? Umengoja siku kumi na tisa. Nilikuwa naandika na kuchana.

Baba yako aliwachonga wengi mwaka ule wa ukame, akawauza kama vitu vipya, kwa bei ya vitu vipya. Tundu nililitaka mimi. Nilimwambia, "Toboa, wanawake wa mjini wanapenda kuning'iniza." Akasema, "Huyu hatobolewi, mke wangu." Nikamwambia, "Mbishi wewe, toboa." Akatoboa. Kisha Kuang akaja, akauliza kama tunaweza kuwazeesha. Baba yako akamfukuza. Mimi nikamfuata Kuang njiani, tukakubaliana bei. Nilimchemsha mmoja siku tatu kwa matunda makali ya plamu yaliyokaushwa na misumari yenye kutu, nikamzika bandani mwa kuku, akatoka mzee kuliko wafalme.

Kwa hiyo mkono uliodanganya si wa baba yako. Andika hivyo, na jina langu uliandike lote, Feng Guizhi, usilifupishe. Wasomi wazima na vioo vyao nusura waniamini.

Lou akisema unamsingizia Kuang, mlete. Mlete na Kuang, na mwandishi wa gazeti. Nyenje wawili wa baba yako bado ninao. Mmoja nitamtia sufuriani tarehe mbili, nimwopoe mbele ya macho yao. Wa pili abaki mpya, walinganishe. Asubuhi ya sikukuu ya makaburi tutafagia kaburi la baba yako, nimwombe radhi watu wakisikia, kisha mtakula mshibe.

Mimi mama yako, nawangojea nyote Jumamosi, tarehe tano Aprili.