Baruti Siku ya Sabato

Jumatatu, 11 Januari 1965

Mikate arobaini leo. Yote imetoka vizuri isipokuwa sita ya nyuma, imeungua. Walimu wa shule wamechukua ishirini, iliyobaki imekwisha sokoni Suna kabla ya saa nne. Mgongo unauma.

Kisima kimefika futi thelathini na mbili na kimesimama hapo. Jiwe. Bwana Zefania, kontrakta niliyempa kazi, ameshuka akaligonga kwa mtaimbo, akapanda akicheka. Alikaa miaka mingi kwenye machimbo ya dhahabu kule Masara, mawe hayamtishi. Nimemwambia hivi: fanya unavyojua wewe, mimi nataka maji. Nimechoka kupanda kutoka mtoni na debe kichwani kila alfajiri. Unga ninao, kuni ninazo. Maji ndiyo yanayonichelewesha.

Jumatano, 13 Januari

Amewasha moto juu ya jiwe, kisha akamwaga maji baridi ili lipasuke. Siku mbili za kazi hiyo, na limetoka jiwe la kujaza karai moja.

Mwita amepita. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ameinama juu ya shimo akatikisa kichwa. Anataka niuze hii nyumba nihamie kwao, Kuria, nikae nyuma ya boma kama mjane wa heshima. Miaka mitatu sasa wimbo ni huo. Nimempa mkate na chai. Amekula vizuri tu.

Nyumba hii tuliijenga mimi na Chacha. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mezani petu, na ndiyo maana hata daftari hili naliandika hivi. Siuzi.

Jumamosi, 16 Januari

Tulikuwa kanisani, tumepiga magoti. Mshindo. Vumbi likaanguka kutoka darini. Mchungaji akaendelea na sala. Mimi sikungoja amina. Nilijua ni kwangu.

Sitaandika zaidi leo. Ni Sabato na nina hasira.

Jumapili, 17 Januari

Sasa niandike vizuri, maana nitaulizwa.

Zefania alishusha baruti kisimani nikiwa kanisani. Hakuniambia. Ukuta wa jikoni una ufa kutoka pembe ya dirisha mpaka chini kwenye msingi, naingiza vidole vitatu. Tanuri limelala. Paa lake la matofali limeingia tumboni mwake. Mabati mawili yametoboka. Jiwe moja la ukubwa wa kichwa cha mtoto lilivuka ua likaingia kwa jirani yangu, Mama Akoth. Lilipita kwenye nyasi za paa likatua juu ya kitanda chake. Yeye alikuwa nje anaanika mtama. Kila siku saa sita hujilaza pale. Ilikuwa saa tano na nusu.



Na kisima kina maji. Ndivyo ilivyo. Jiwe limepasuka, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yamepanda futi nne. Zefania alisimama pale amejaa vumbi, akaniambia, "Mama, maji yako hayo."

Nilimwuliza na nyumba je. Akasema nyumba haikuwa katika mapatano.

Jumatatu, 18 Januari

Ameondoka. Watu wa sokoni wanasema amekwenda Homa Bay, ana kazi nyingine huko. Malipo yake alikwisha chukua yote. Kosa langu, sitalirudia.

Lakini ameacha kapi yake, gurudumu la kuvutia ndoo, na kamba ndefu juu ya kisima. Nimevifungua mwenyewe, nimevifungia kabatini, ufunguo uko shingoni.

Ijumaa, 22 Januari

Wiki nzima hakuna mkate. Nakaanga mandazi kwenye mafiga, walimu wanachukua kwa kunihurumia. Sipendi kuhurumiwa.

Mwita amekuja tena, safari hii na mwanamume mwenye kofia ambaye hakunijulisha jina lake. Yule mtu alizunguka nyumba akihesabu hatua. Alipofika kwenye ufa alitabasamu. Nikaelewa.

"Shemeji," Mwita akasema, "mvua ya masika ikija ukuta huu utaanguka. Afadhali uuze sasa, ungali na kitu cha kuuza."

Nikamwambia yule mwenye kofia kwamba amepotea njia. Akamtazama Mwita. Nikasema tena, kwa sauti ileile. Akaondoka.

Mwita amekasirika. Akasirike. Lakini juu ya mvua amesema kweli. Nina wiki tano, labda sita.

Jumanne, 26 Januari. Homa Bay

Nimekuja na basi la asubuhi. Nalala kwa binamu yangu, karibu na soko la samaki.

Nimempata Zefania bila shida. Anajenga ghala la mfanyabiashara wa samaki, karibu na ufuko. Aliponiona aliangalia pembeni kwanza. Nilimsalimu. Nilimwuliza habari ya watoto. Kisha nikamwambia anarudi Suna kutengeneza alichovunja.

Akasema, mbele ya vibarua wake, "Mama, wewe mwenyewe ulisema nifanye ninavyojua."

Ni kweli niliyasema maneno hayo. Yamo humu, ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wangu. Yamenichoma. Nilitafuta tofali nikalikalia. Nikatoa sindano zangu nikafuma sweta mpaka saa kumi na moja. Kisha nikamuaga.

Jumatano, 27 Januari

Nimerudi kwenye tofali langu. Jua kali, upepo wa ziwa unaleta harufu ya omena, dagaa wa huku. Zefania anaamrisha watu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Anakwepa macho yangu.

Mama mmoja muuza uji aliniuliza nangoja nini. Nikamweleza. Sikuongeza chumvi. Maji nayo nimeyataja, kwamba aliyapata. Mchana walikuja wengine watatu kuniuliza, nao nikawaeleza vilevile.

Mkono mmoja wa sweta umekwisha.

Alhamisi, 28 Januari

Leo amekuja mwenye ghala. Mtu mnene, mpole, Mkatoliki, ana msalaba mdogo shingoni. Amevua kofia kunisalimu. Ameuliza mimi ni nani katika kazi hii.

Nikamwambia sina kazi hapa, nyumba yangu ndiyo yenye kazi. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Zefania akamwuliza swali moja tu: kama chini ya ghala lake kutakutwa jiwe, atafanya nini.

Zefania aliweka mwiko wake chini.

Kisha akaja akachuchumaa karibu nami. Akasema atakuja Jumatatu, tukae mbele ya chifu mdogo, na atakalosema chifu atalifuata. Akauliza polepole, "Kapi yangu unayo?"

Ninayo, nikasema. Imelala salama.

Nimefurahi. Naandika wazi, nimefurahi sana. Binamu yangu ameninunulia samaki mzima, ngege wa kukaanga, na tumemla wawili.

Jumatatu, 1 Februari

Hakuja.

Jumanne, 2 Februari

Hakuja. Mawingu upande wa ziwa. Mwita anapita barabarani kwa baiskeli, hasimami.

Alhamisi, 4 Februari

Amekuja. Mtoto wake alikuwa na malaria, anasema, na uso wake unaonyesha hajalala. Nimemwamini.

Chifu mdogo alituketisha nje ya ofisi yake. Kwanza Zefania. Akaeleza jiwe, moto, siku zilizopotea, kisha maneno yangu. Chifu akaniuliza kama niliyasema.

Ningeweza kukana. Tulikuwa wawili tu siku ile. Nikasema ndiyo, niliyasema, na sikufikiria baruti. Nilifikiria nyundo. Na yeye hakuniuliza.

Watu waliokuja kusikiliza wakaguna. Zefania mwenyewe alinitazama kama hakutarajia.

Kisha Mwita akasimama. Sikujua kama yupo. Akaanza kusema kwamba hii ni nyumba ya ndugu yake, na ukoo unaona heri iuzwe. Chifu akaniuliza nyumba ni ya nani.

"Ya mume wangu na mimi," nikasema. "Mume wangu amekufa. Mimi niko hapa."

Chifu akamwambia Mwita aketi, kesi ni ya ukuta. Akaandika jina langu kwenye karatasi kama mwenye nyumba. Niliangalia kalamu yake mpaka akamaliza.

Kisha akauliza nataka nini. Nilikuwa nimeshafikiri njiani. Nikasema: kwanza paa la Mama Akoth, kesho. Halafu ukuta wangu na tanuri. Yeye atatoa mikono yake, mimi nitatoa matofali na chakula, kwa sababu ya yale maneno. Akimaliza, kapi yake nampa.

Zefania akasema sawa kabla chifu hajamwuliza.

Jumatatu, 8 Februari

Paa la Mama Akoth limekwisha tangu Ijumaa. Alisimama chini na fimbo akimwonyesha Zefania kila palipopungua nyasi. Ananiita nyar Karungu, binti wa Karungu, maana ndiko nilikozaliwa, lakini tangu siku ile ya jiwe hajaniita kitu. Anapita tu.

Leo Zefania na vibarua wake wamebomoa ukuta wa jikoni. Kuona jiko langu liko wazi, sufuria zinatazama barabara, kumenifanya nikae chini. Chacha aliupaka chokaa ukuta ule akiwa tayari mgonjwa. Nililia kidogo nyuma ya choo. Kisha nikaenda kuwapikia ugali.

Alhamisi, 18 Februari

Zefania ni mchimbaji mzuri na mwashi mbaya. Leo nimechukua timazi mwenyewe nikaishusha ukutani. Mistari minne ya juu ya matofali imeinama kuelekea ndani. Nimemwambia aibomoe. Akasema plasta itaficha. Nikasema sitaki kufichiwa.

Ameibomoa. Alinuna mpaka saa sita.

Wakati wa chakula nilimwuliza kwa nini Jumamosi, siku yangu ya kanisa. Nilikuwa nimeliweka swali hili muda mrefu. Nilidhani alichagua siku hiyo nisiwepo kumkataza.

Akasema, "Nilijua nyote mtakuwa kanisani. Hakuna mtu angeumia."

Hakujua Mama Akoth ni Mkatoliki, kwamba Jumamosi yuko nyumbani. Aliposikia mayowe upande ule alikimbia akausukuma mlango, akakuta jiwe kitandani limefunikwa na nyasi za paa. Alidhani Mama Akoth yuko chini yake. Alilivuta kwa mikono. Hayo sikuyajua. Akanionyesha kucha mbili nyeusi.

Bado nina hasira naye. Imepungua.

Jumanne, 23 Februari

Matofali yamepungua. Nilihesabu vibaya, mengi ya zamani yalivunjika katika kubomoa. Nimezunguka Suna nzima, aliye nayo hauzi, anayeuza hana.

Jioni mkokoteni wa ng'ombe umesimama mlangoni. Mwita. Matofali mia mbili na mchanga juu yake. Nikamtazama.

"Nyumba ikikuangukia watu wataniuliza mimi," akasema. Akapakua bila kuingia ndani. Chai amekataa. Sijui niandike nini juu ya mtu huyu.

Ijumaa, 26 Februari

Ukuta umesimama, na timazi inakubali. Tanuri jipya ni pana kuliko la kwanza. Nilimwelekeza kila tofali, kwa kuwa la kwanza nililijenga na Chacha na nilikumbuka makosa yetu.

Nimempa Zefania kapi na kamba. Ameikagua kamba yote, futi kwa futi. Nikamwuliza kama anadhani nimeila. Akacheka, nami nikacheka. Hatukupeana mikono kwa urafiki mkubwa, lakini tumepeana.

Jumanne, 2 Machi

Mvua ya kwanza, mchana, kubwa, na mawe madogo ya barafu juu ya mabati. Nimesimama jikoni kiganja kikiwa ukutani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baridi, mkavu. Maji yameingia sehemu moja tu, juu ya dirisha, tone tone. Hilo naliweza.

Umesimama. Nimesema kwa sauti, peke yangu: umesimama.

Ijumaa, 5 Machi

Mikate kumi ya kujaribu. Miwili mibichi katikati. Tanuri bado linakauka. Minane mizuri sana.

Jumapili, 14 Machi

Mikate hamsini. Nyuma haiungui tena.

Maji ya kisima yametulia, yako safi kabisa. Wanawake wa upande huu wanakuja kuteka, siwazuii. Mama Akoth haji. Anapita na chungu chake kwenda mtoni, na umri ule, na matope haya. Nimemwita mara mbili. Anasema yale maji yana harufu ya baruti. Hayana. Nadhani anaposogea pale anasikia tena ule mshindo, na sina neno la kumwondolea hilo.

Leo sikumwita. Nimeteka debe moja nikalipeleka, nikaliweka mlangoni pake, nikarudi kwenye unga wangu.

Jioni nimekwenda kulichukua. Lilikuwa tupu. Limeoshwa, limepinduliwa juu ya jiwe likauke.