Kondo la Haika na Bustani ya Mwenyekiti

UMOJA WA WANAWAKE WA MLIMANI, LONDON
Kikao cha dharura, Jumamosi 15 Machi 2025, nyumbani kwa Mwenyekiti, Edmonton

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni Katibu, Bi Aikaeli, Mama Angel wa Ilford, mwanamke mwenye bahati kuliko wote waliopanda ndege kuja huku. Nimezaa wanne, wote wanne wazima, wanakula na kunijibu kwa Kiingereza. Msiba wa mtoto naujua kwa kupeleka chakula tu. Darasa la saba sikumaliza, lakini bahati haiulizi cheti.

Waliohudhuria: Bi Sesilia, Mwenyekiti, nesi mstaafu, Bibi Beatha, mlezi wetu, miaka 78, Elinaja, mjumbe, hajaolewa na asiulizwe, Haika wa Kilburn, mjumbe, mjamzito, na Katibu.
Asiyehudhuria: Bi Ndeshi. Alituma ujumbe kwamba yuko zamu. Elinaja alisema amemwona asubuhi duka la viatu.

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 8:20 mchana badala ya saa 7:00. Treni ililaumiwa. Mwenyekiti aliomba sala iwe fupi kwa ajili ya hali ya Haika. Sala aliiongoza mwenyewe na haikuwa fupi.

KUMB. NA. 2/3/2025: OMBI LA HAIKA
Haika alieleza kwamba atajifungua kwa upasuaji Jumatano. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Mama yake anapiga simu kila siku kutoka nyumbani: safari hii kondo la nyuma lizikwe ardhini, mgombani, kama ukoo wao ulivyofanya tangu zamani, lisichomwe hospitali. Mkunga amesema kulichukua kunaruhusiwa, ila fomu irudi Jumatatu ikiwa na jina na sahihi ya atakayelipokea. Haika anaishi ghorofa ya tatu na hana hata kopo la maua. Mume wake, Godbless, amekubali yote isipokuwa kulihifadhi kwenye friza. Alisema, "Siyo pamoja na samaki wangu."

Wajumbe walicheka. Haika hakucheka. Alisema wiki ya pili hii hapati usingizi, na hajui hata kama anayaamini mambo hayo. "Ila mama zangu, nikiacha, halafu mtoto apatwe na jambo, nitamlaumu nani?"

KUMB. NA. 3/3/2025: MABISHANO (Katibu aliagizwa aandike "majadiliano")
Mwenyekiti alieleza kwamba amekuwa nesi miaka thelathini na mmoja, makondo aliyotupa hayana idadi, na watoto wake wanatembea. Aliongeza kwamba hayo ni mambo ya kishenzi na Kanisa lilishayakataza.

Bibi Beatha aliomba nafasi, akapewa, akaisogeza chai yake pembeni. Kisha alieleza kwamba mama yake alijifungulia zahanati ya misheni, wakati wa Mwingereza. Sista akalichoma kondo kwenye tanuri. Mama yake alirudi na kitambaa, akazoa majivu, akayazika mgombani kwa siri. Mtu akamsema kwa padre. Jumapili padre akalisoma jina lake mbele ya watu, akanyimwa komunyo mwaka mzima. Wakunga wa kijiji nao wakaambiwa waache, la sivyo wajukuu zao wasibatizwe. "Waliojua maneno ya kuzikia wakafa nayo. Nimebaki mimi, na mimi nayajua nusu."

Halafu akamgeukia Mwenyekiti: "Bibi yangu aliitwa mshenzi kwa Kijerumani. Mama yangu kwa Kiingereza. Mimi naitwa kwa Kiswahili, tena Edmonton, tena nimekaribishwa chai."

Mwenyekiti alitoka kwenda kuangalia sufuria jikoni. Jikoni hakukuwa na sufuria. Alirudi baada ya dakika kumi na moja, macho mekundu, akaeleza kwamba nyumba hii ni yake, bustani iko nyuma, na shimo lisipungue futi tatu kwa sababu ya mbweha. "Ardhi nimetoa. Mkono sitoi, msiniombe."

Elinaja aliuliza mgomba utatoka wapi. Ilikubaliwa kwamba mtufaha wa Mwenyekiti utakaimu.

KUMB. NA. 4/3/2025: MKONO
Bibi Beatha alieleza kwamba katika ukoo wa kina Haika anayezika kondo ni mwanamke aliyezaa na ambaye hajazika mtoto. Yeye Bibi amezika wawili. Elinaja na Bi Ndeshi hawajazaa. Mwenyekiti anao wawili, wazima, lakini ameshasema. Wote wakamgeukia Katibu.

Katibu alieleza, kwa unyenyekevu wake wa kawaida, kwamba mkono upo. Elinaja alisema, "Huyu hata akipanda kijiko kitaota." Haika aliuchukua mkono wa Katibu, akauweka tumboni, akasema, "Basi leo nitalala." Akalala hapo hapo kwenye kochi, viatu miguuni. Kikao kiliendelea kwa kunong'ona.

AZIMIO: Jina la Katibu liandikwe kwenye fomu. Katibu aondoke nayo, aisaini, airudishe Jumatatu asubuhi.

KUMB. NA. 5/3/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:05 jioni, kwa ishara ya mkono, mjamzito asiamke.

Katibu: Aikaeli (sahihi)
Mwenyekiti: ........................

Dada Sesilia, usitie sahihi kabla hujasoma hapa. Fomu ninayo, mahali pa jina sijajaza. Kumbukumbu hizi nimeziandika mara tatu, na kila nikifika kwenye "mkono upo" najikuta nimeweka kalamu chini. Wale wanne unaowajua ni wa London. Kabla yao kulikuwa na Ndesario, nyumbani. Aliishi siku tisa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilipofika huku sikumtaja tena kwa mtu. Nimetania sana maishani, lakini mtoto wa Haika siwezi kumtania. Mkono uliobaki ni wako peke yako, dada, na Jumatatu ni keshokutwa. Njoo uchukue fomu. Bahati niliyoiandika kule juu ni uongo. Nilizaa watano.