Nyar Lambwe Hatafutwi Lambwe

Mwalimu Ogutu,

Nimepiga kelele maktabani. Wewe uliyekuwa ukigonga meza kwa kalamu mtu akikohoa mara mbili, nisamehe, au usinisamehe, shauri yako. Nilikuwa na hasira na bado ninayo.

Hukumaliza hata mwezi kaburini walipokuja, mwenyekiti wa bodi ya chuo na yule mhasibu mpya ambaye si mtu wa huku. Mimi nilikuwa nafagia kama kawaida. Mhasibu akafungua daftari lako la kuazima vitabu, akapitisha kidole, akacheka. Ati watu gani hawa? Min Atieno wa soko la samaki. Wuon Owuor mwenye jicho moja. Nyar Kadem. Akasema hayo si majina, ni hewa, na kwamba ulikuwa ukigawa mali ya chuo kwa watu wasiokuwepo. Chuo kinachotupa vitabu ziwani hakistahili fungu la kununulia vingine. Pesa ziende kwenye mabweni, na maktaba iwe stoo ya magodoro.

Magodoro, Mwalimu. Humo ulimokuwa ukipangusa rafu kwa kitambaa chako cha mfukoni.

Nikamwambia watu hao wapo. Akaniangalia mimi, akauangalia ufagio. Mwenyekiti akageukia dirishani, na yeye ni mtoto wa hapa hapa Homa Bay, anajua vizuri kwamba mama wa watu haitwi jina la ubatizo, anaitwa Min, mama wa fulani, au Nyar, binti wa mahali alikotoka, na mwanamume ni Wuon, baba wa fulani. Aibu ilimshika kidogo, nadhani. Akatoa neno: vitabu vyote vya daftarini virudi kabla ya kikao cha bodi, kisikosekane hata kimoja, ndipo fungu libaki.

Basi nikafunga leso kiunoni nikaanza kutafuta. Njia nzima nilikulaumu. Nilikuwa nikikukumbuka ulivyokuwa ukisema, "Jina la kipande haliji kuazima kitabu, Dorsila. Anayekuja ni mama Atieno." Sawa, lakini si ungeandika na hilo la kipande, la kitambulisho, hapo pembeni? Ungepungukiwa na nini?

Nilivuka ziwa hadi Takawiri. Nikateremka Muhuru Bay, nikakuta kitabu chako cha hesabu kwa mwanamke muuza omena. Kinanuka omena mpaka leo, na yeye hapunjwi tena na madalali. Wuon Owuor alikitoa cha ufugaji wa kuku chini ya godoro, akalia aliposikia msiba wako kinywani mwangu, maana hakuwa amepata habari. Jumamosi Wasabato wakatangaza kanisani kwamba vitabu virudi, Jumapili Wakatoliki wakatangaza. Kikabaki kimoja tu, kitabu cha kujifunzia kusoma. Umeandika: Nyar Lambwe.

Nilikwenda Lambwe kwa miguu. Boma kwa boma nikiuliza, nani hapa Nyar Lambwe aliyeazima kitabu cha Mwalimu Ogutu? Watu wakanitazama kama mtu aliyepotelewa na akili, na kweli zilikuwa zimepotea. Nikarudi mikono mitupu na miguu imevimba.

Siku ya kikao watu walijaa maktabani mpaka barazani, kila mtu na kitabu chake. Mhasibu akaketi kwenye kiti chako, akaita, "Min Atieno." Wakaitika wanawake watano. Akavua miwani. Nilitamani uwe pale, Mwalimu, ungecheka mpaka ukohoe. Wakapangana wenyewe, wa soko la samaki akatangulia, na wengine hivyo hivyo, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Nyar Lambwe."

Akaita tena. Akaanza kufunga daftari, akisema kilichopotea kimepotea, bodi iandike. Na hapo nyuma yangu mama mkwe wangu, ambaye alikuja kurudisha kitabu chake cha mashairi ya dini, akanisukuma begani. "Wewe Nyar Lambwe, hujisikii unaitwa?"

Mwalimu, nilikuwa nimejitafuta mwenyewe. Lambwe kwetu kila binti ana jina lake. Nyar Lambwe ni mtu aliyeolewa huku, na jina hilo naitwa na wakwe zangu kila siku ya Mungu. Lakini mimi ni mfagiaji, sikuwahi kuazima kitabu. Kile cha kusomea ulinipa mkononi ule mwaka nilioanza kazi, ukasema, "Kaa nacho." Nikadhani ni zawadi. Kumbe uliniandika. Uliniandika mstari mmoja na wasomaji, na hukuniambia.

Nikawaambia wasubiri. Nilikwenda nyumbani mbio, nikarudi nacho, na sikukiweka mezani mara moja. Nilikifungua mbele ya mhasibu, nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa sauti ya kusikika mpaka gatini. Ndiyo kelele ninayokuambia. Kisha nikakiweka mezani, nikasema, "Mtu asiyekuwepo ndiye huyu. Magodoro tafutieni pengine."

Fungu limebaki. Limepunguzwa, nisikudanganye, na mwenyekiti amesema mwakani watalitazama upya. Waje. Ufunguo ninao mimi, na walipouomba nilisema nimeusahau. Mhasibu ametaka daftari jipya lenye majina ya kipande. Nimempa. Lakini kando ya kila jina la kipande naandika na letu.

Mimi bado nafagia asubuhi. Mchana nakaa kwenye kile kiti chako na nagonga meza watu wakikohoa. Ninakulilia, Mwalimu, ila si mbele yao.

Lala sasa, umechoka. Nakuahidi chumba hiki hakilali godoro nikiwa hai. Na kitabu kile nimekiazima tena, nikajiandika kwa mkono wangu chini ya mstari wako wa mwisho: Nyar Lambwe. Nitakirudisha, ila usinihimize.

Dorsila