Wiki Ambayo Hakuiandika

Tarehe 9 Juni

Dada,

Shikamoo. Bomba la jikoni nimelitengeneza, na paka wako amenenepa.

Tangu tumzike mdogo wetu, naenda kunyanyua vyuma kwa kufuata daftari lake la mazoezi. Ukurasa wa mwisho ni wa wiki nzito: seti tano za kunyanyua, mpaka mikono itetemeke. Nimeurudia wiki tisa. Badala ya kupata nguvu nazidi kulegea, nikadhani ndio uzee.

Juzi kocha akalichukua lile daftari.

"Kaka, umekuwa kasuku? Ukurasa huu huu tu? Marehemu kila wiki ya nne alikuwa anapunguza. Seti mbili, uzito nusu. Misuli hujengeka hapo, mwili ukipumua."

"Hiyo wiki hakuiandika."

"Hakuifikia," akasema kwa sauti ya chini. "Iandike wewe."

Tangu siku hiyo nimekaa na kalamu. Niliogopa kwamba mwandiko wangu ukianza, wake utakuwa umekwisha. Leo nimeandika: seti mbili, nusu. Nimenyanyua, nikarudi, nikalala mchana kutwa.

Nimechoka, Dada. Ukimwombea yeye, nami unikumbuke.

Mdogo wako aliyebaki